Roshani ya Mamangu na Fundi Aliyekatazwa Kupanda Juu

Wakuu, habari zenu. Na wale wa salamu za dini, asalaam aleikum.

Mimi humu ni msomaji tu, kuandika si kazi yangu. Lakini juzi kuna ndugu alitundika picha za deck ya mbao aliyojenga nyumbani, akauliza kama ni lazima aipake mafuta kila mwaka au ni njaa za mafundi. Mkamjibu kwa mzaha. Mimi sikucheka.

Nitawaeleza yaliyotupata sisi. Chumvi siongezi, maana yenyewe yamekolea.

Ni Malindi, miaka ya themanini. Nilikuwa nimemaliza shule, niko nyumbani na wazazi.

Nyumba yetu ilikuwa ya mawe, ya ghorofa, mitaa ya zamani. Nyuma, huko juu, kulikuwa na roshani ya mbao, pana, imetokeza juu ya ua. Mbao zimelazwa juu ya boriti za mikoko zilizochomekwa ukutani. Hiyo ndiyo deck yetu.

Mama alianika nguo pale, alichambua mchele pale, jioni alipunga upepo pale. Zama zile mwanamke wa mtu hakuzurura ovyo. Roshani ndiyo iliyokuwa matembezi yake.

Baba ndiye aliyeitunza. Kila mwaka kabla ya masika aliipaka sifa, yale mafuta ya papa wanayopaka vyombo vya baharini. Jamani, sifa inanuka. Wiki nzima chakula hakishuki.

Kisha alichukua bisibisi akadunga boriti moja moja, hasa pale zinapoingia ukutani, kwa sababu maji hukaa pale. Bisibisi ikizama, boriti hiyo inatolewa. Hakuna mjadala.

Mwaka huo baba alifariki kabla ya kupaka. Homa tu, akaenda. Mungu amrehemu.

Mama akakaa eda. Kwa msiojua, mjane wa Kiislamu hukaa nyumbani miezi minne na siku kumi, hajipambi, hatoki ila kwa dharura. Sisi watu wa mji tukaongeza na yetu: asionwe na mwanamume asiye maharimu wake, yaani yeyote anayeweza kumwoa, hata kivuli.

Masika yakaingia na hasira zake. Mvua usiku na mchana.

Siku moja mama akaniita roshanini. Ameshika bisibisi ya baba.

"Mwanangu, hebu njoo uone. Yaingia kama kwenye mkate."

Nikadunga mwenyewe. Ikazama mpaka kwenye mpini. Nikaogopa.

Wiki hiyohiyo Fundi Kazungu, seremala aliyekuwa akifanya kazi na baba, alikuja kutoa pole. Akauliza kwa adabu kama atapanda atazame zile boriti, maana alijua wakati wa kuzikagua umefika.

Aliyemjibu ni Ami Swaleh, ndugu yake baba. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wetu sasa.

"Huko juu kuna mjane. Na kakangu hajapoa kaburini, watu wasikie nyundo kwake? Ngoja eda iishe."

Fundi akainamisha kichwa, akaenda zake.

Nikamwambia Ami boriti zimeoza. Akaniambia mtoto wa kike asimfundishe kuchunga nyumba. Mama naye, kwa heshima ya shemeji yake, akanyamaza. Tukaweka mtungi kwenye pembe iliyolegea ili mtu asipite. Mkisikia ujinga, ndio huo. Mbao zimeoza, sisi twaziongezea mtungi wa maji.

Mngeniuliza kwa nini mama aliendelea kukaa pale. Angekaa wapi? Ndani joto, mlangoni hatakiwi, uani wapita watu. Pale palikuwa pake.

Alasiri moja mvua ilianuka. Mama akatoka kuanika nguo. Mimi nilikuwa jikoni chini. Nikasikia kishindo, na vumbi la chokaa likaingia mpaka kwenye sufuria.

Boriti zilikuwa zimechomoka ukutani. Mama yuko uani, mguu umepinda usivyopaswa kupinda, na mbao juu yake.

Nilipiga mayowe. Watu ndio kwanza wanatoka msikitini. Wanaume wakaingia uani, sijui hata wangapi. Leso imemtoka, kichwa wazi, gauni limepanda. Wakamtoa chini ya mbao, wakamlaza juu ya kitanda cha kamba, wakampitisha njiani mtaa mzima ukitazama. Mimi nakimbia nyuma na leso, kila nikimfunika inateleza.

Nyonga ilivunjika.

Hospitali Ami alifika kanzu ikiwa matope matupu. Mama akamtazama, akamwambia kwa upole kabisa:

"Shemeji, uliogopa fundi mmoja asinione."

Ami alilia kama mtoto.

Eda mama aliimalizia kitandani. Kusimama bila kushikwa hakusimama tena mpaka alipokufa.

Baadaye nilimuuliza mwalimu wa madrasa. Akanishangaa. Akasema mama angeingia chumbani, mlango ukarudishwa, fundi akafanya kazi. Basi. Hakuna aliyekwenda kumuuliza mapema.

Kwa hivyo, ndugu wa deck: paka mafuta, dunga mbao kabla ya mvua, tazama pale zinapokutana na ukuta. Ukiona pameoza, ita fundi siku hiyo. Usingoje Idi, usingoje arusi, usingoje msiba upoe. Mbao haijui kama mko matangani.

Na nyinyi makwenu, mjane akiwa edani na nyumba yadai fundi, mwafanyaje? Semeni, nasoma.

Maana wiki ileile mama yuko hospitali, Ami alimleta Fundi Kazungu kubomoa mbao zilizobaki. Nyundo zililia kutwa. Sikumsikia mtu hata mmoja akisema neno.