Maziwa ya Saa Nane

Koleo alivunjika mkono akikamua tambara la kupigia deki. Hakuteleza, hakugongwa, wala hakuinua gunia. Alikuwa amechutama mlangoni pake kama kila asubuhi, akalisokota lile tambara, akasikia mlio mdogo, kisha kiganja kikakataa kumtii. Alikitazama kwa muda. Akamalizia kulikamua kwa mkono wa kushoto, akalianika kwenye kamba, akafunga mlango, akaenda kituo cha afya kwa miguu. Njiani alimsalimia kila mtu anayestahili salamu.

Jina hilo hakupewa na mama yake. Alilipata kwenye karakana ya kufufua betri za magari, alikofanya kazi miaka kumi na minane, mwanamke pekee kati ya wanaume saba. Kazi yake ilikuwa kufungua betri zilizokufa. Anamwaga tindikali, anakata kifuniko kwa kisu cha moto, kisha anang'oa sahani za risasi zilizong'ang'ania humo ndani kama magego. Wanaume walitumia nyundo na matusi. Yeye alitumia koleo na mkono mmoja. Sahani nzima zilirudi kazini, mbovu zikatupwa kwenye sufuria la chuma, zikayeyuka, zikamiminwa upya. Alikuwa na nguvu na alijua kuwa anazo. Kama majivuno ni dhambi, basi hiyo ndiyo iliyokuwa yake. Leo mtu huyo huyo kashindwa na tambara. Ukimcheka hana neno. Angecheka mwenyewe kama kicheko kingekuja.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mwenye miwani iliyomzidi uso.

"Huu ni mvunjiko wa tatu," alisema akisoma kadi. "Mwaka juzi kidole cha mguu. Mwaka jana ubavu."

"Ubavu ni chafya."

"Chafya?"

"Nilipiga chafya."

Daktari hakucheka. "Mama, wewe una miaka hamsini na mbili. Mifupa yako ina themanini. Ulikuwa unafanya kazi gani?"

Koleo akaeleza kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Alitaja vumbi la kijivu lililokuwa likitua kwenye kope, na ladha tamu tamu iliyokuwa ikibaki mdomoni jioni. Akasema karakana ilifungwa miaka saba iliyopita, na kwamba yeye bado anaishi katika chumba kile kile, nyuma ya ukuta wa karakana hiyo. Daktari aliandika yote, akamtoa damu, akamfunga plasta ngumu mpaka kwenye kiwiko, akamwambia arudi baada ya wiki mbili.

Aliporudi, majibu yalikuwa mezani.

"Ni risasi," daktari alisema. "Yale madini mliyokuwa mkiyayeyusha. Mfupa ukiiona unaidhania chokaa yake ya kujengea, unaipokea, unaiweka ndani. Inakaa humo miaka na miaka. Mfupa ukianza kuchakaa, inatoka tena na kuingia kwenye damu."

"Na huu ugonjwa wangu wa sukari?"

"Sukari ina sababu nyingi. Siwezi kuapa kwamba ni risasi. Ila siwezi kuitetea pia."

"Haya," Koleo alisema.

Alijua kuwa hapo mtu hutakiwa kulia, au angalau kuuliza atakufa lini. Alijitafuta ndani hakuona kitu. Ni kama alikuwa amekaa chumba cha pili akisikia habari za jirani.

"Unaishi na nani?" daktari akauliza.

"Peke yangu. Binti yangu anakuja mwezi ujao. Anakuja kujifungulia kwangu."

Daktari aliweka kalamu chini. Akasema binti asilale ndani ya nyumba ile hata usiku mmoja, kwa sababu vumbi la aina hiyo haliondoki kwa ufagio. Kisha akasema na binti mwenyewe apimwe, na apimwe mapema. Mimba inapokua, mifupa ya mama inafunguliwa ili mtoto ajengewe yake, na kilichokuwa kimefichwa humo kinatoka pia. Wakijua mapema kuna vidonge vya kuituliza mifupa, na mtoto atafuatiliwa tangu siku ya kwanza. Wasipojua, mtoto atakunywa tu kinachomjia.

Hilo neno la kunywa ndilo lililomfuata Koleo mpaka nyumbani. Alinunua vitunguu, akavisahau dukani, akaitwa, akarudi kuvichukua.

Binti alikuwa na miaka miwili Koleo alipoanza kazi. Baba wa mtoto alikuwa ameaga kwenda kutafuta kazi. Akaipata, akabaki nayo huko huko. Mwenye karakana, waliyemwita Tajiri ingawa suruali yake ilikuwa na viraka, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amesikia kwa mwenzake kwamba maziwa huosha sumu tumboni. Kwa hiyo kila siku saa nane alileta ndoo ya maziwa, akampimia kila fundi nusu lita kwa mkono wake, akasimama kuhakikisha yamenyweka. Barakoa hakuwahi kununua. Barakoa za nini, na maziwa yapo?

Wanaume walikunywa. Koleo alipiga funda moja mbele ya Tajiri, na Tajiri akigeuka, yaliyobaki aliyamimina kwenye kopo lake. Kopo aliliweka chini ya meza yake ya kazi, mahali ambapo hakuna mtu wa kulipiga teke, akalifunika kwa kitambaa alichokuwa akifutia uso tangu asubuhi. Juu ya meza hiyo alikuwa aking'oa sahani mpaka saa kumi na moja. Akifika nyumbani aliyachemsha maziwa mara mbili, kwa usafi, akakaa kumtazama mwanawe akinywa. Miaka kumi na minane. Majirani walimsifu mtoto kwa kunawiri, na yeye akanyamaza kama mtu asiyejua siri yake.

Binti alikuja Jumamosi kumwosha mama yake nywele, maana kwa mkono mmoja asingeweza. Alikuwa na miaka ishirini na saba sasa, tumbo limemtangulia. Alikuta kigoda na beseni viko uani na mlango umefungwa.

"Mbona leo tunakaa nje kama watu waliopoteza ufunguo?"

"Anza kuosha. Nitakuambia."

Koleo aliinamisha kichwa juu ya beseni. Alikuwa amejikaza kisabuni siku tisa, na aliona ni rahisi kusema akiwa anatazama maji. Akaeleza habari za mifupa, za damu, za ukuta na vumbi. Akasema, "Kwa hiyo usije kujifungulia hapa."

Vidole vya binti vilisimama, kisha vikaendelea.

"Nimeshaleta nguo za mtoto, Mama. Ziko kwenye sanduku lako."

"Nitakununulia nyingine. Hizo ziache. Na daktari anasema upimwe."

"Mimi nipimwe nini? Mimi karakana sikuwahi kuikanyaga. Nilikuwa nikikaribia ule ukuta tu, unanichapa. Na ndani ulipiga deki kila siku." Alimimina maji kidogo kisogoni mwa mama yake. "Kilichonifikia kutoka kule ni maziwa peke yake."

Hapo akaiweka magi chini. Koleo alisikia povu likipasuka masikioni.

"Mama. Yale maziwa yalikuwa yanakaa wapi?"

"Yalikuwa na kifuniko," Koleo alisema.

Neno hilo lilitoka lenyewe, bila kuombwa. Binti alishusha pumzi ndefu mpaka mama yake akaisikia shingoni.

"Afadhali. Maana ningesikia kwamba ni yale, nisingelala. Unajua mpaka leo nikinusa maziwa yanayochemka nakuona wewe umekaa pale, hujala, unanitazama?" Akaanza kusugua tena, kwa furaha sasa. "Basi mimi sina haja ya kupimwa. Nimechoka kuchomwa sindano, kila kliniki sindano. Nitajifungulia kwa mama mkwe, yaishe."

Koleo aliyatazama maji. Angeweza kuacha hapo. Binti angeondoka na maziwa yake yakiwa safi, angezeeka nayo, angewasimulia watoto wake. Na huyu wa tumboni angekunywa tu kinachomjia. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hawakusema habari za kifo kinachopita kwa aliyeficha kwenda kubisha hodi kwa mjukuu. Aliogopa, na hofu ile ilimshangaza, maana ilikuwa ya kwanza kumfikia tangu tambara.

"Hakikuwepo," alisema.

"Nini?"

"Kifuniko. Yalikuwa chini ya meza yangu. Nilifunika kwa kitambaa cha jasho."

Binti alimwosha kichwa mpaka povu likaisha, magi tatu za maji, kama kawaida. Akamkausha, akamchana, akamsuka mabutu manne yaliyonyooka. Akamwaga maji mbali na mlango. Aliaga kwa adabu na kusema wakutane kituo cha afya Jumatatu saa mbili.

Jumatatu alikuja kweli. Alitolewa damu, akaambiwa majibu ni Ijumaa, akapewa vidonge vya chokaa ya mifupa vya kuanzia kabla hata majibu hayajatoka. Kisha wakakaa kwenye benchi la nje, binti akibana pamba kwenye mkono wake, mama na plasta yake, wakisubiri kadi.

"Tajiri yuko wapi siku hizi?" binti akauliza.

"Alikufa. Figo. Naye alikuwa akinywa na sisi, kila siku."

"Hakujua."

"Hakuna aliyejua. Mimi sikujua, mwanangu."

"Najua kwamba hukujua." Aliitazama pamba, akaigeuza upande mwingine, akabana tena. "Ungekuwa unajua, ningekuchukia, nikapumua."

Muuguzi alitoka akaita mtu mwingine. Koleo alingoja mpaka mlango ukafungwa.

"Nichukie mimi," alisema. "Nitaweza."

"Nimejaribu tangu Jumamosi," binti akasema. "Kila nikianza, nakuona umekaa pale na njaa yako, unanitazama nikinywa."