Shoka Kwenye Ubao Mwekundu

Nilipokuwa mwalimu mchanga wa kuchora na kazi za mikono, wakati wa Mwingereza, katika shule ya kati karibu na Mohoro, nilikuwa na ugonjwa mmoja: nilipenda kueleza. Mtu akiniuliza njia ya kwenda gatini nilimchorea ramani mchangani, nikamweleza ile ramani, kisha nikamweleza kwa nini kaskazini huwekwa juu. Wanafunzi walinijua. Siku za joto kali waliniuliza maswali kwa makusudi ili nisahau kuwapa mazoezi.

Somo langu halikuwa na heshima kubwa. Mwalimu mkuu, mtu mwema aliyependa hesabu kuliko chakula, aliliweka kipindi cha mwisho cha Alhamisi, wakati watoto walishaanza kuwaza kwao. Kwa hiyo siku Bwana Msitu alipoingia shuleni kuomba kazi ya kuchora, nilijiona nimepandishwa cheo.

Bwana Msitu ndiye aliyesimamia mikoko yote ya delta kwa niaba ya serikali. Alitueleza kwamba mikoko ya baadhi ya vijito ilikuwa imekatwa mno, na sasa vijito hivyo vifungwe miaka kadhaa ili miche ipate kukua. Matangazo ya karatasi aliyobandika yaliliwa na mvua. Alitaka mbao kumi na mbili zenye picha, za kupigiliwa kwenye nguzo midomoni mwa vijito, na alikuja na mbao zenyewe pamoja na makopo ya rangi nyekundu na nyeupe.

Nikaeleza wiki mbili. Niliwaambia watoto kwamba nyekundu ni hatari, kwa sababu ni rangi ya damu na moto. Katikati tukaweka shoka, maana shoka ni ukataji. Juu ya shoka tukapitisha mstari mnene mweupe, kama ule ninaopitisha mimi juu ya jibu lisilo sahihi. Chini tukaandika kwa herufi kubwa: MARUFUKU KUKATA MITI. Mbao zilitoka nzuri hata mwalimu mkuu akaacha hesabu zake akaja kuzitazama. Tulitengeneza moja ya ziada, nikaisimamisha ukutani darasani, na nadhani niliitazama mara nyingi kuliko ilivyostahili.

Mwezi haujaisha, habari zikaja. Kundi la wakataji limekutwa ndani ya kijito kilichofungwa, upande wa Maparoni, wakiwa na korija nne za boriti, na kila korija ni boriti ishirini. Bwana Msitu amechukua kibali cha kukata cha mkuu wa kambi yao. Jumamosi ya wiki ijayo atapeleka taarifa wilayani pamoja na kibali hicho, na kikishafika huko hakirudi. Mkuu huyo na ndugu zake walikuwa na msimu mmoja tu wa kukata kabla ya mvua, na huo ndio uliowalisha mwaka mzima.

Alhamisi, katikati ya kipindi changu, mtu akapiga hodi mlangoni. Alikuwa wa makamo, mikono minene, kikoi kimefungwa juu ya magoti kama mtu aliyetoka majini sasa hivi. Alisema yeye ndiye mkuu wa kambi aliyechukuliwa kibali, akauliza ni nani fundi wa zile mbao. Nikajitaja, nikijiandaa kupigwa.

"Mwalimu," akasema, "mbona umeniita, halafu ukanishitaki?"

Sikumwelewa. Akaukaribia ule ubao wa ziada ukutani na kuanza kuusoma, kidole kikipita taratibu kama mtoto wa chuo cha Kurani anavyofuata aya. Rangi nyekundu, alisema, ndiyo wanayoitoa kwenye magome ya mkoko na kuipaka kwenye vichwa vya boriti zilizokwisha kuhesabiwa, tayari kupakiwa. Tena siku ya kazi hufunga kitambaa chekundu mdomoni mwa kijito, wenzao wenye mitumbwi wajue pa kuingilia. Kisha hapa pana shoka. Na hiki cheupe kilicholala hapa kwenye shoka ni boriti iliyobanduliwa gome.

"Nyekundu, shoka, boriti," akasema. "Ulitaka nifanye nini, Mwalimu, nigeuze mtumbwi nirudi kwa mke wangu?"

Darasa lilicheka mpaka benchi moja likaanguka na watu wake. Mimi nikaanza kumweleza habari ya mstari na majibu yasiyo sahihi. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akasema sawa, ameelewa. Sasa niende nikasimame kwenye kila ubao, nimweleze kila anayepita kama nilivyomweleza yeye. "Ila jihadhari na mbu," akaongeza. "Nyie wa milimani ngozi zenu laini."

Nikajitetea kwa yale maandishi. Moyoni nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba hajui kusoma. Akachukua chaki mkononi mwangu, akaandika ubaoni kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia, mwandiko mwepesi na safi kuliko wangu. Aliandika: marufuku kukata miti. Kambini kwake wote walisoma na kuandikiana hivyo tangu chuoni. Herufi zangu, alisema, zinatembea kinyumenyume.

Siku hiyo sikueleza kitu kingine mpaka kengele.

Kesho yake, baada ya sala ya Ijumaa, niliufunga ubao kwenye baiskeli nikaenda kwa Bwana Msitu. Nilimwambia kosa ni langu, si la mkataji. Hakukubali. Alisema kila aliyekamatwa huwa na hadithi, na ubao uko wazi, hata mwanawe wa darasa la pili ameusoma bila shida. Nikafungua kinywa nianze tangu magome ya mkoko, na hapo nikamkumbuka yule bwana akinisikiliza kwa adabu. Nikafupisha, labda kwa mara ya kwanza maishani.

"Usinisikilize mimi, wala usimsikilize yeye," nikamwambia. "Jumatano njoo gatini, uchague watu mwenyewe, uwaulize ubao unasema nini. Mimi nitanyamaza."

Akacheka. Alisema kuniona nimenyamaza peke yake kunatosha kumtoa nyumbani. Tukapatana: wengi wakiusoma kama mkataji, kibali kitarudi. Wakiusoma kama mimi, taarifa itakwenda Jumamosi.

Jumatano mitumbwi ya delta ilikuwa imejaa gatini Mohoro, inashusha mpunga na samaki wakavu. Bwana Msitu aliuegemeza ubao kwenye rundo la magunia. Mkataji alikaa mbali, amekumbatia magoti kwa mikono, hasemi utani wowote, na hapo nikajua ana hofu kiasi gani. Mimi nilikaa juu ya kinu kilichopinduliwa, kiganja mdomoni.

Wa kwanza kuulizwa alikuwa mpiga kasia. Alitazama, akauliza boriti zenyewe ziko wapi, maana anatafuta za kujengea. Wa pili, mama muuza samaki, alisema ubao unaonyesha humo ndani kuna wakataji. Nikaanza kupumua. Wa tatu alikuwa karani wa duka, kalamu sikioni, aliyesoma shule. Hakulitazama hata shoka. Alisoma kwa sauti: marufuku kukata miti. Bwana Msitu akanigeukia na uso wa mtu aliyeshinda, nami nikabana kiganja zaidi, maneno yamenijaa mpaka kooni.

Lakini alikuwa mtu wa haki. Alivua kofia yake na kuifunika juu ya maandishi. Kisha akamwomba karani atazame tena.

Karani akarudi hatua moja nyuma. "Bila maandishi?" akasema. "Basi hapa ni pa kukatia boriti."

Baada ya hapo watu walijikusanya wenyewe, na karibu wote wakasema hivyohivyo. Mmoja alitaka kujua bei ya korija. Bwana Msitu alichomoa kibali mfukoni mwa shati na kumpa mwenyewe. Zile korija nne, alisema, zitabaki serikalini. Mkataji alikubali kabla hajamaliza kusema. Kisha Bwana Msitu akanigeukia mimi: mwezi mmoja, mbao mpya, na huyu bwana awe mwalimu wangu. Nikaitikia kwa kichwa. Nilikuwa bado nimeshika mdomo.

Kazi ya pili ilikuwa ngumu na ya furaha kuliko ya kwanza. Nilimwendea mwalimu mkuu kumwomba kipindi chake kimoja cha hesabu, na nilidhani atanifukuza. Nikamwambia tunahitaji kujua picha iwe na upana gani ili mtu aliye katikati ya maji aione. Macho yake yakawaka. Alihamisha darasa zima kwenye ukingo wa mto na kamba yenye mafundo, akapima siku mbili mfululizo. Mwalimu wa jiografia akatuonyesha maji ya bamvua, yale ya kujaa sana, yanafika wapi, tukagundua kwamba mbao tatu kati ya zile nyekundu zilikuwa zikizama kila mwezi mpya. Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba kuchora kwangu kulikuwa kumekaa peke yake kwenye kona ya Alhamisi kama mgeni asiyemjua mwenyeji wake.

Aliyetufundisha zaidi ni mke wa mkataji, msusi wa mikeka. Mume wake alimleta kwa mtumbwi akisema yeye amechoka kusifiwa na watoto. Alitandaza mkeka wa ukindu wenye nakshi nne, akawaambia wanafunzi warudi nyuma hatua kwa hatua, na waseme nakshi ipi imepotea. Ile ndogo yenye rangi nyingi, niliyoipenda mimi, ilikuwa ya kwanza kupotea. Iliyobaki mpaka mwisho ilikuwa mistari miwili myeusi tu, kwenye ukindu usiotiwa rangi.

"Kitu hakionekani kwa ukubwa, Mwalimu," akaniambia. "Kiachie nafasi, kitajionyesha chenyewe."

Nikamwuliza, "Shemeji, na wewe ukitaka mtu asipite mahali, unafanyaje?" Alishangaa kwamba sijui. Shamba la mpunga likiwa bado changa, alisema, unasimamisha vijiti viwili njiani na kulaza kati yake kuti lililosukwa. Hata mtoto mdogo akiliona huzunguka. Nilikuwa nimeyapita makuti hayo miaka miwili, nikidhani ni mapambo.

Tukachora vijiti viwili na kuti, nyeusi juu ya nyeupe. Tulipoupeleka mfano gatini, wa kwanza kuutazama alisema ni kitanda. Darasa likaangua kicheko, nami nikainuka kumweleza yule bwana kwamba si kitanda. Nikageuka, nikaona wanafunzi wote wameshika midomo yao kwa viganja, wananitazama. Nikakaa. Turudi tukachore upya, nikawaambia, maana ubao utakuwa peke yake huko majini.

Mara ya nne ilikubali. Tulilisuka kuti kwa mistari mikubwa zaidi, na chini yake tukaweka kisiki chenye chipukizi. Maandishi tuliandika kwa herufi za aina zote mbili, zile za Kiarabu zikiandikwa na mkataji mwenyewe, aliyekataa kurudia hata moja ingawa rangi ilimchuruzika. Watu tisa walioulizwa gatini walisema hapo hapapitiki, miti inakua. Wa kumi alisema amesahau miwani.

Tulikwenda kuzipigilia siku moja ya maji kujaa, mimi, mkataji na Bwana Msitu kwenye mtumbwi mmoja, mbao mpya kumi na mbili na makopo ya rangi miguuni mwetu. Kila mdomo wa kijito tuling'oa ubao mwekundu na kuweka mweupe. Jua lilipokuwa kichwani, mbao nyekundu zilikuwa zimerundikana mbele ya mtumbwi, na mimi nikawa nasikitika kimoyomoyo. Ilikuwa kazi nzuri, na ilikuwa kazi ya watoto. Nikauliza kama tuzitupe.

Mkataji akaacha kupiga kasia. Alisema hazina kosa lolote isipokuwa pale zilipowekwa. Bwana Msitu akafungua kopo la rangi nyekundu, akapaka juu ya maandishi yangu, mkono wake mwenyewe, ubao baada ya ubao. Kisha mkataji akatuelekeza kwenye vijito vilivyo wazi, alikoruhusiwa kukata, na tukazipigilia huko, shoka na mstari mweupe vilevile kama watoto walivyovichora.

Tulipopigilia wa mwisho, mtumbwi wa wakataji wengine ulikuwa unakuja nyuma yetu. Walitazama ubao, hawakuuliza kitu, wakaingia ndani na mashoka yao.

"Umewaona," akasema mkataji, akinisukumia kasia nipokee zamu. "Hukuwaeleza hata neno."