Bonde Alikomwacha Mwanawe

Antonia wa Qurus alikuwa mwanamke wa kazi, si wa maneno. Alilea wavulana wanne, akamzika mumewe Yohani, na msimu uliofuata akaingia shambani na jembe lake kama kawaida. Kanisani alikaa benchi la nyuma. Majirani walidhani ukimya ule ni tabia yake, nao walikosea. Kulikuwa na jambo ambalo Yohani aliingia kaburini bila kuambiwa: kabla ya wavulana wale, Antonia alizaa mtoto wa kike, akamwacha kwa Wamasai.

Alipata mimba akiwa na miaka kumi na saba, kwao Endabash, bila mume. Kwa mila ya Wairaqw ya siku zile, binti wa namna hiyo alikuwa na mkosi. Hakutakiwa kujifungulia kwenye ardhi ya wazazi wake, wala kushiriki moto na mtu yeyote. Ukoo mzima ulikuwa umeshabatizwa, lakini ubatizo haukumsaidia kitu. Mama yake alimsindikiza hadi ukingo wa msitu, akamwekea mtama wa kukaanga juu ya jiwe, maana kumpa mkononi ilikuwa mwiko. Kisha akageuka, akaondoka karibu anakimbia. Mtu asiseme mama yule hakuwa na moyo. Alikuwa nao, ndiyo maana alikimbia.

Binti alipanda siku tatu, akalala mitini, akatokea bonde la Embulbul. Masika ilikuwa imekwisha, na bonde zima lilikuwa maua, ya manjano na ya zambarau, hadi chini ya mlima Lolmalasin. Aliona uchungu kwamba pahali pa kutupwa mtu panaweza kupendeza vile.

Mwanamke wa Kimasai aitwaye Nalangu, aliyeolewa miaka mingi bila kupata mtoto, alimkuta amekaa katikati ya maua yale. Alimpa maziwa. Antonia alipokunywa, Nalangu akakipokea kibuyu kilekile akanywa yeye pia. Nyumbani kwao hakuna ambaye angethubutu. Antonia alikaa naye miezi minane. Alijifungua huko, akanyonyesha, na mtoto alipoweza kuishi kwa maziwa ya ng'ombe akamkabidhi kwa Nalangu. Nalangu alimwita Nanyokie, kwa ajili ya wekundu wa ngozi yake. Alitaka ahadi moja tu.

"Usirudi kumdai," alisema. "Nitakufa."

Antonia akaapa, akarudi kwao peke yake. Mkosi uliondolewa kwa taratibu za wazee, akaolewa.

Sasa ilikuwa mwaka 1981, mwezi wa sita. Yohani hayupo, na kifua kilikuwa kimeanza kumsumbua Antonia kila asubuhi. Alitaka mwanawe amjue kabla hajafa. Hilo tu. Na hakujua atalipataje bila kuvunja ahadi yake.

"Unakwenda kuuza mahindi juu kule, debe moja tu?" jirani yake Hyasinta alimcheka. "Nauli yenyewe itakumaliza, mama!"

"Acha inimalize," Antonia alijibu.

Lori la mahindi lilimfikisha Nainokanoka, kijiji kilicho juu ya bonde lile, akajitwika debe lake akateremka bondeni kwa miguu. Ukungu ulikuwa mzito, baridi inauma masikio. Ukungu ulipopanda, maua yakajitokeza yote kwa pamoja, naye akatua mzigo. Alisimama pale muda mrefu, mwanamke wa miaka arobaini na sita, akiogopa kama siku ile ya kwanza.

Nalangu alimtambua kwa mbali. Alikuwa amezeeka na jicho moja limeingia ukungu, ila Kiswahili chake cha mnadani kilikuwa kimeongezeka.

"Umekuja kumchukua," alisema, hata salamu bado.

"Yeyo, mama yangu, siwezi kumchukua mtu mwenye watoto wake. Nimeleta mahindi."

Nalangu aliliangalia debe, akamwangalia yeye. Kisha akamkaribisha.

Nanyokie alitoka nyumbani kwake, jirani tu na kwa mama yake, mtoto mchanga mgongoni. Antonia aliona paji la uso la marehemu mama yake mwenyewe likimjia. Nanyokie hakujua Kiswahili, na Kimasai cha Antonia kilikuwa kimempotea, kilichobaki ni kuelewa kidogo. Kila neno lingepita kwa Nalangu.

"Anauliza wewe ni nani," Nalangu alisema. "Nimwambie nini?"

Miaka ishirini na tisa Antonia alikuwa amelipanga jibu hilo, akilima, akipika, akiwa kanisani. Sasa alimtazama bibi kizee aliyekunywa baada yake, ameshika fimbo kwa mikono miwili ili asianguke, akaliacha jibu lile.

"Mwambie napita tu," alisema. "Nimekuja kutazama maua yenu."

Nalangu alimgeukia Nanyokie. Akazungumza polepole, kwa makusudi, ili Antonia naye afuate kila neno.

"Huyu ndiye aliyekuzaa," alisema kwa Kimasai. "Hakukutupa. Walimfukuza yeye, akakubeba tumboni mpaka akatufikia. Mimi nilimkataza kurudi, kwa woga wangu. Yeye ni mama yako kama mimi."

Nanyokie alisimama bila kutikisika, mtoto akilia mgongoni. Kisha akaja, akainamisha kichwa mbele ya Antonia, akasubiri, jinsi mtoto wa Kimasai anavyomwamkia mzazi wake.

Antonia hakuweza kuinua mkono.

"Mguse," Nalangu alimwambia kwa Kiswahili, machozi yakimtoka. "Mtoto anakuamkia."

Antonia akaweka kiganja chake chenye sugu juu ya kichwa kile.