Majina ya Marehemu Arobaini na Moja

Saa mbili asubuhi, wakati majirani zake wa Aston, katika nchi ya Waingereza, ndio kwanza wanasubiri basi, Nabintu alikuwa amekwisha kufunga mifuko ya manjano thelathini. Kwa miaka mitano hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake hospitalini: kufagia wodi, kupiga deki, kisha kuisokota mifuko ya taka hatari, kuikunja shingo na kuikaza kwa utepe. Tangazo la ukutani lilisema humo hutiwa bandeji na sindano tu. Nabintu aliyajua ya ndani kwa uzito mkononi: betri, makopo ya kupuliza, vipimajoto vya zebaki. Mtu mwenye haraka hutupa popote palipo wazi.

Ndiyo maana mwaka 2005, barua ilipopenyezwa milangoni ikisema kwamba kampuni imeiomba halmashauri ruhusa ya kuliwasha tena tanuri la kuchoma taka za hospitali, hakuhitaji kufafanuliwa. Tanuri lenyewe lilikuwa mwisho wa mtaa wao, nyuma ya gereji. Lilizimwa miaka miwili nyuma, mlango wake ulipopasuka na majivu yakatua hadi uwanja wa shule. Kampuni ilisema mlango umetengenezwa na taka zitachambuliwa kwanza. Kuhusu chujio la bomba la moshi, ambalo lilikuwa lile lile la zamani, haikusema neno.

Aliyeongoza upinzani alikuwa jirani yake, Bi Jokha, mjane wa Kizanzibari aliyeuza vitambaa sokoni na kuwakaripia madiwani kama anavyowakaripia wateja wanaopapasa mali bila kununua. Jioni moja alibisha kwa Nabintu, fomu za malalamiko kwapani.

"Mwenzangu, watu wako hawanifungulii! Naliona pazia linatikisika, nayaona macho yao, na mlango haufunguki. Kwani mie nimekuja kuwakamata?"

"Wanaona karatasi, Bi Jokha."

"Karatasi inauma?"

"Kwetu iliuma."

Hakueleza zaidi. Kwao Bukavu, wakati wa vita, kaka yake mwalimu alitia sahihi barua ya kulalamikia askari waliofunga njia ya sokoni. Barua ile ilifika mikononi mwa askari wale wale, wakasimama mlangoni kwao na kusoma majina moja baada ya jingine. Kaka hakuonekana tena. Tangu siku hiyo, karatasi ikipita mtaani na huwezi kuikataa, uliandika jina la marehemu. Marehemu hafuatwi nyumbani.

Hata hivyo, Bi Jokha alikuwa jirani mwema, na tanuri halikuchagua mapafu ya nani. Nabintu akazichukua fomu, akazipeleka kanisani baada ya mazoezi ya kwaya ya watu wa kwao.

"Ule mama wa Zanzibar ni mutu muzuri, tumusaidie," alisema Mama Rosalie, kiongozi wa kwaya. "Lakini jina yangu? Jamais, hata siku moja!" Akachukua kalamu, akaandika jina la marehemu mama mkwe wake. "Alinisumbuaka maisha yote. Leo afanye kazi kidogo."

Kwaya nzima ilicheka hadi machozi. Kila mmoja akamtafuta marehemu wake. Mzee mmoja, alipokosa wa kumwandika, akaandika jina la mbuzi wa babu yake. Nabintu aliandika Sista Godelieve, mtawa aliyemfundisha kushona. Hakuna aliyedhani anadanganya. Walikuwa wanasaidia kwa njia waliyoijua, ile ambayo haikuwahi kumpeleka mtu jela. Yakatimia majina arobaini na moja. Bi Jokha alipozipokea fomu alizibusu.

Siku ya kikao cha madiwani, Jumatano alasiri, kwaya ilikuja na vitenge vya sare kujaza viti vya ukumbi wa halmashauri. Mwenyekiti alikuwa mama wa Kiingereza mwenye miwani mizito. Wakili wa kampuni, kijana mwembamba, alisimama kwa adabu, akasema amezilinganisha sahihi zote na daftari la wapiga kura na orodha za wakazi.

"Arobaini na moja ni za watu wasiokuwepo," alisema. "Kama hizi ni za kughushi, nani atathibitisha zile nyingine mia sita?"

Mwenyekiti alisema kwamba, pasipo maelezo, itambidi aziweke kando sahihi zote, na ombi la kampuni liamuliwe bila hizo.

Bi Jokha akageuka polepole. "Watu wako wamefanya nini, Nabintu?" alinong'ona, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa na ukali.

Nabintu angeweza kukaa kimya. Nje ya kwaya, hakuna aliyejua nani aliandika nini. Karani mbele alikuwa anaandika kila kinachosemwa. Ukisimama, jina lako linaingia. Usiposimama, tanuri linawashwa. Akapiga moyo konde, akainuka, mkono mmoja umeshika kiti cha mbele.

"Jina langu ni Nabintu Ciza," alisema kwa Kiingereza chake cha kupima neno moja moja. "Nakaa nyumba namba hamsini na nane. Sista Godelieve ni mimi."

Akaeleza yote: barua ya kaka yake, askari mlangoni, desturi ya marehemu. "Tulitaka kuwasaidia majirani zetu," alisema. "Hatukujua kwamba hapa msaada unataka mtu aliye hai."

"Kwa hiyo unakiri uliandika uongo?" wakili aliuliza.

"Jina lilikuwa la uongo. Malalamiko ni ya kweli. Mnasema taka zitakuwa zimechambuliwa. Mimi nafunga mifuko hiyo. Naikuta na betri, naikuta na zebaki. Chujio lenu la zamani linakamata zebaki?"

"Wewe ni mtaalamu wa matanuri?"

"Mimi ni mfagiaji. Mtaalamu anauona mfuko kwenye karatasi. Mimi naubeba."

Mtu alicheka nyuma, si kwa dharau. Mwenyekiti akamwelekea mhandisi wa kampuni. "Swali limeulizwa. Linakamata?" Mhandisi akafunua karatasi zake, akarudi mwanzo, akafunua tena. Mwishowe alisema chujio halikupimwa kwa zebaki.

Hapo Mama Rosalie akasimama, kitenge kikimetameta. "Na mimi! Rosalie, wa namba kumi na mbili. Mama mkwe, samahani, upumuzike sasa." Akafuata mwingine, na mwingine, kila mmoja na jina lake na namba ya mlango wake, hata karani akaomba wamsubiri. Yule mzee aliomba radhi kwa niaba ya mbuzi. Walisimama thelathini na wanne. Saba walibaki wamekaa, macho chini, na Nabintu hakuwatupia hata jicho la lawama; alijua wanachokiona mlangoni mwao.

Mwenyekiti aliagiza fomu mpya. Waliziandika pale pale, wamepiga foleni. Kura zilipopigwa, madiwani saba walikataa ombi la kampuni, wanne wakalikubali. Tanuri lisiwashwe.

Nje, Bi Jokha alimkamata Nabintu mabegani. "Mbuzi! Mmenitilia mbuzi kwenye fomu zangu!" Kisha akamkumbatia, asimwachie. "Ungeniambia, shoga yangu."

"Ningekwambia, ungenielewa?"

Bi Jokha akalegeza mikono, akamtazama usoni. "Jana, la. Leo nimekuona."

Ijumaa asubuhi msimamizi wa wafagiaji alimkuta Nabintu kwenye ukumbi wa wodi, gazeti la mji mkononi. Habari ilikuwa ukurasa wa tano, na jina lake lilikuwa mstari wa kwanza, limeandikwa lote, wazi kwa yeyote mwenye macho. Msimamizi alilitazama gazeti, akamtazama yeye.

"Huyu Nabintu Ciza ni wewe?"

Nabintu akaegemeza ufagio ukutani.

"Ni mimi," alisema. "Mwandishi wa gazeti ameniahidi nakala. Nataka kuituma nyumbani Bukavu, wamsomee mama yangu."