Tangi la Mukhtari Lililoelea

Ami yetu Mukhtari ameunda mashua nyingi hapa Koyama, lakini akiulizwa ni ipi iliyoelea vizuri kuliko zote, hujibu bila haya: "Choo changu."

Mkewe Bimdogo, Mungu amrehemu, alikuwa amechimbisha kisima cha uani kiwe sadaka kwa majirani. Katika ugonjwa wake wa mwisho alimshika mumewe mkono. "Shimo la choo liko karibu mno, Mukhtari. Usiache kisima changu kikanuka." Akaahidi. Alipokwisha kumzika, ahadi ile ikamnyima usingizi.

Fundi mwingine angejenga kwa saruji. Yeye alijiona mjuzi: anayeweza kuyazuia maji yasiingie chomboni, atashindwaje kuyazuia yasitoke? Akalifukia shimo la zamani, akaunda tangi la mbao, akalikalafati kwa pamba kuziba nyufa zake, akalipaka mafuta ya papa nje na ndani. Akalizika uani, bomba lake likielekea pwani, mbali na kisima. Tone halikupita. Alijisifu msikitini mpaka imamu akakohoa.

Kabla choo hakijaanza kutumika, likaja bamvua, yale maji makuu ya bahari. Bahari ilipojaa, maji yakapanda na chini ya ardhi, kama kawaida ya kisiwa chetu. Tangi tupu likang'oa bomba, likachomoza mchangani na mfuniko wake, likawa linayumba.

Shemeji yake Tima akapiga kigelegele. "Shemeji! Tia nanga, choo kinasafiri!"

"Kiache kiende," akasema Mukhtari, machozi ya kicheko yakimtoka. "Mtu mzima, fundi wa vyombo, nimesahau farumi! Chombo kitupu bila mawe ya kukituliza, nilitaka kifanye nini?"

Kicheko kikamkauka alipolitazama bomba lililong'oka. Lau choo kingekuwa kinatumika, uchafu wote ungeishia kisimani mwa Bimdogo.

Maji yalipopwa akalirudisha tangi, akalikaza kwa magogo, akalirundikia mawe mazito, akaunganisha bomba upya; choo kikaanza kutumika. Hata hivyo, bamvua lililofuata lilipofika, hakuyaamini mawe yake. Akapanda juu ya mfuniko na tasbihi mkononi, akaketi.

"Na wewe umekuwa farumi?" Tima akamuuliza.

"Ndiyo kazi niliyobakiwa nayo, shemeji. Kukaa tu, hata mimi siwezi kukosea."

Maji yakajaa, yakapwa. Tangi halikutikisika. Mukhtari akashuka, akateka ndoo ya maji kisimani, akanusa, akaonja. Akatawadha kwa maji yale, akamwombea mkewe kwa muda mrefu.

"Tima," akaita. "Waambie majirani waje na ndoo zao."