Herufi Mbili kwenye Mifuko ya Kauri

Mama mkwe alikunywa funda moja, akaiweka glasi mezani taratibu, akaniuliza, "Mwanangu, humu alikuwa anaishi kambare?"

Nikacheka kwa adabu. Mkwe ni mkwe.

Kisha nikaonja mwenyewe. Sikucheka tena.

Nianzie mwanzo. Mume wangu ni fundi redio, na ana ugonjwa mmoja: akishatazama video mbili mtandaoni, hakuna asichokijua. Mwezi uliopita alitengeneza machujio mawili kwa mkono wake.

La kwanza la tangi la samaki wa binti yetu: kopo, pampu ndogo, na mfuko wa wavu uliojaa vipande vya kauri.

La pili la maji ya kunywa: ndoo mbili zimebebana. Ya juu ina mshumaa wa kauri, ya chini ina mfuko mwingine wa vipande vya kauri, eti wa kulainisha ladha.

"Huo mshumaa unawashwa saa ngapi?" nilimuuliza.

"Hauwashwi. Ni kauri yenye vitundu vidogo mno. Maji yanapita, vijidudu vinabaki nje."

"Na kauri ya samaki?"

"Ile ina vitundu vikubwa. Vijidudu vinaishi humo, vinakula uchafu wa samaki."

"Kwa hiyo huku umevifukuza, kule umevijengea nyumba."

"Hapo umeelewa, mama watoto."

Tangu siku hiyo nikamwita Injinia. Si kwa heshima.

Sasa, Jumatatu ya wiki iliyopita kitinda mimba wangu, miaka minne, alianza kuharisha. Jumanne vilevile. Jumatano asubuhi nikambeba hadi zahanati, kalegea begani kama nguo mbichi.

"Mnachemsha maji?" nesi akauliza.

"Tunachuja," nikajibu, kwa kiburi cha mke wa Injinia.

"Mnachujia nini?"

"Kauri."

Aliniangalia kama nimemwambia tunachujia soksi. Akatupatia dawa.

Mchana mama mkwe akaja kumwona mjukuu, akakaribishwa maji. Ya kambare mmeshayasikia.

Ile glasi bado iko mkononi mwangu, binti yangu akaita kutoka sebuleni, "Mama, samaki wanahema juu ya maji." Nikaenda. Wawili hawakuwa wanahema. Walikuwa wamelala chali. Binti analia, mdogo wake anakimbilia choo kwa mara ya tano.

Nikabeba ndoo zote mbili hadi uani. Nikachukua mchi.

"Leo hii mitambo inarudi kwa mababu zake," nikasema.

Injinia alitoka mbio, bisibisi sikioni. "Ngoja nifungue kwanza."

"Fungua. Uiage vizuri."

Alitoa mfuko kwenye ndoo ya chini. Wa kahawia, unateleza, unanuka bwawa.

"Huu ni mfuko wa samaki," akasema polepole.

"Basi hongera. Mtoto wako amekunywa mavi ya samaki siku zote hizi."

"Mimi machujio sijayagusa tangu niyafunge. Nani alifanya usafi Jumamosi?"

Swali la kijinga. Jumamosi usafi nafanya mimi, kila kitu, mpaka vitu visivyoomba kusafishwa. Nilikuwa nimetoa mifuko yote miwili, nikaisuuza bila kuisugua, kama alivyoniagiza. Mara ya kwanza katika ndoa hii kufuata maelekezo.

"Nimerudisha kama ulivyoandika," nikasema. "Mmoja S, mmoja M."

"Ndiyo. S, samaki. M, maji."

Nikautazama ule mfuko.

"Wewe ulisomaje?"

Mchi ulianza kuwa mzito.

"S, safi," nikasema. "M, machafu."

"Lakini wa S ulikuwa wa kahawia, mke wangu. Hukuona?"

"Nilijua ndiyo kazi ya kuchuja hiyo."

Kumbe maji yalikuwa yakitoka kwenye mshumaa yakiwa safi kabisa, kisha yanaoga kwenye choo cha samaki kabla ya kufika kwenye glasi. Na samaki nao walipewa kauri safi isiyo na kijidudu hata kimoja cha kuwalia uchafu wao.

Mama mkwe alichukua glasi yake, akaimwaga uani, akaingia jikoni kubandika sufuria ya maji.

Mtoto amepona. Samaki watatu wako hai. Mifuko nimeiandika upya, maneno mazima: SAMAKI na BINADAMU. Na maji ya kunywa tukishachuja, tunachemsha.

Kwa hiyo, wenzangu mnaojitengenezea machujio: kauri haina kosa, inafanya kazi uliyoipa. Andika neno zima, wino upo. Na kabla hujainua mchi, jiulize nani alifanya usafi.

Siku hizi nyumbani Injinia ni mimi. Si kwa heshima.