Kinuyo na Dirisha la Kaskazini

Kinuyo Hamasaka alikuwa na miaka sitini na miwili, na thelathini na minane kati ya hiyo aliipitisha kwenye kiti kimoja. Kiti chenyewe hakikuwa na ajabu yoyote, cha mbao, mto wake umechakaa. Lakini kilikuwa dirishani, upande wa kaskazini wa karakana ya Bwana Okuzumi, juu ya mteremko wa Kitano mjini Kobe. Jua haliingii upande ule. Kinachoingia ni mwanga uliotulia unaorudi kutoka mlimani, na kwenye mwanga huo lulu haina pa kujificha. Anayepoteza kiti cha dirishani hupelekwa meza za nyuma, kufunga mafundo chini ya taa. Kinuyo angekubali kung'olewa meno kwanza.

Kazi yake ilikuwa kulinganisha. Lulu zilimfikia zikiwa zimeshasafishwa na kutobolewa, elfu moja hivi kwenye trei, na yeye achague arobaini na saba zinazofanana kama zimezaliwa na mama mmoja. Kisha wanawake wa nyuma walizitunga kwenye uzi wa hariri, fundo baada ya kila lulu, ili uzi ukikatika ianguke moja tu. Lulu kubwa za bahari za joto alizijua, nyeusi za Tahiti alizijua, hata zile za kome wa ziwani zilizopindapinda. Zote hizo alisema zinapiga kelele. Alizipenda za akoya, ndogo za kwao, kwa sababu zina siri. Moja nyeupe yenye uwaridi ndani, nyingine nyeupe yenye ukijani, nyingine ya krimu. Tofauti yake ni kama maji ya kwanza na ya pili ya kuoshea mchele. Tofauti hiyo ndiyo iliyomweka mjini.

Jumanne moja ya Novemba, asubuhi, Bwana Okuzumi alilaza kidani juu ya kitambaa chake.

"Kimerudi," alisema. "Mteja anasema kuna tano za krimu humo. Hebu kitazame."

Kinuyo akakitazama. Akakigeuza, akakitazama tena. Aliona arobaini na saba zenye uwaridi, safi kabisa, kama alivyoziona alipozichagua. Akaenda kunawa mikono. Akarudi, akabadilisha kitambaa, akafungua dirisha, akalifunga, akaenda kunawa tena. Mchana ulikuwa unakwenda, na ikifika saa tisa mwanga huo hauaminiki.

Lazima kuna kitu. Dirishani pale haivaliwi nguo ya rangi, maana rangi hurukia lulu na kumpotosha mtazamaji. Aproni zote zilikuwa za kijivu, na Kinuyo mwenyewe aliwahi kumrudisha mtu nyumbani kwa sababu ya rangi ya mdomo. Akaangaza huku na huku akitafuta mchawi. Akampata karibu sana: Sadae Morikuni, jirani yake wa kiti kwa miaka ishirini, mwanamke asiyeishiwa utani hata msibani. Shingoni, juu ya aproni, kola ya sweta jipya ilikuwa inachungulia.

"Sadae. Vua hilo."

"Nivue nini, dada? Baridi yote hii, unataka nife?"

"Hilo sweta. Unakaa dirishani na manjano shingoni kama ndimu iliyoiva, halafu mimi ndiye narudishiwa kidani."

Kwa kawaida Sadae angekuwa ameshajibu. Safari hii aliiangalia kola yake, kisha akamwangalia Bwana Okuzumi, naye Bwana Okuzumi akaangalia sakafu.

"Dada," Sadae alisema taratibu, "hili ni jeupe."

"Usinifanye mtoto mdogo."

"Ni jeupe. Nililichagua jeupe kwa ajili ya dirisha."

Kinuyo akacheka, na akajikuta anacheka peke yake. Akachukua karatasi ya kufungia lulu, akaisogeza karibu na kola. Zilikuwa rangi moja.

"Na karatasi hii?"

"Nyeupe."

"Ukuta ule?"

"Mweupe, dada."

Hapo ndipo hofu ilipomshika sawasawa. Akakaa, akainuka, hakujua aweke wapi mikono.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu Aprili, maua ya micheri yalipochanua." Sadae alikuwa anakunja ncha ya aproni yake. "Ukienda kula, nilikuwa natoa za krimu kwenye kazi yako na kuweka nyingine."

"Na kidani hiki?"

"Hiki ulikichagua wiki ile niliyokwenda kumzika mama."

Bwana Okuzumi akakohoa. Akasema macho hutibika siku hizi, wazee wengi wanatolewa mtoto wa jicho na wanaona vizuri, ampe nafasi ampigie daktari. Kinuyo hakumsikiliza. Alikuwa amekasirika, na hasira ile haikuwa na pa kutua.

"Ungeniambia."

"Ungekubali?"

Kinuyo alijijua. Angemtafutia Sadae kosa mpaka amtoe dirishani, na muda si mrefu uliopita ndicho alichokuwa anafanya.

Akakigeuza kiti chake kumwelekea Sadae, mbele ya kidani.

"Kaa hapa."

"Dada, si lazima leo."

"Kaa, mwanga unaondoka."

Sadae akakaa. Kinuyo akasimama nyuma yake, akachukua kibano, akagusa lulu ya kwanza.

"Hii?"

"Hiyo nzuri."

"Hii?"

"Nzuri."

"Hii?"

Sadae akakawia.

"Usinihurumie," Kinuyo alisema. "Sema."

"Ya krimu, dada."

Kinuyo akaikatia uzi, akaiweka pembeni, akagusa inayofuata.